Karatasi Juu ya Kopo

Domisiana alimfunga mtoto mgongoni, akachukua panga, akaenda kutafuta kuni.

Zamani alikata kuni nyuma ya migomba yake. Sasa ulikuwa mwaka 1995. Kambi ya wakimbizi ilikuwa ng'ambo ya kilima, na ndani yake walikaa watu maelfu kwa maelfu. Wote walipika. Wote walihitaji kuni. Miti iliyokuwa karibu ilikwisha. Domisiana alitembea asubuhi nzima, akarudi mchana na mzigo mdogo.

Kuni hizo zilitosha kupika ndizi na maharage. Hazikutosha kuchemsha maji ya kunywa. Kwa hiyo Domisiana aliacha kuchemsha maji. Familia yake ilikunywa maji ya bondeni kama yalivyo.

Mume wake, Sostenes, alikuwa mkulima. Hakuwa mtu mbaya, lakini mwaka ule alikuwa na hasira kila siku. Mbuzi wake wawili waliibwa, na mwizi hakujulikana.

"Ni wakimbizi," alisema Sostenes. "Wamemaliza miti. Wamechafua maji. Sasa wanakula mbuzi wangu."

"Hukumwona mwizi," alisema Domisiana.

"Sihitaji kumwona."

Lakini Domisiana alikuwa na mkimbizi mmoja aliyemfahamu vizuri. Jina lake lilikuwa Kankindi. Alikuwa mama wa makamo kutoka Burundi. Mara mbili kwa juma alikuja kupalilia shamba, na Domisiana alimpa ndizi na maharage. Siku nyingine alikuwa mhudumu wa afya kambini. Alipita hema kwa hema akiangalia wagonjwa. Kihangaza, lugha ya Domisiana, na Kirundi ni lugha za karibu, kwa hiyo wanawake hao wawili walizungumza bila shida wakiwa shambani. Sostenes alipotokea, Kankindi alinyamaza na kuendelea kulima.

Mvua zilipoanza, maji ya bondeni yakawa ya rangi ya chai. Siku ya Jumatatu, mtoto wao Verediana alianza kuhara. Alikuwa na mwaka mmoja na nusu, na alikuwa bado ananyonya. Alihara mara tatu asubuhi. Kufika jioni, Domisiana aliacha kuhesabu.

Jumanne ilikuwa siku ya gulio. Sostenes alikwenda kutafuta dawa.

Gulioni alimkuta mtu mmoja aliyeitwa Shibuda. Alivaa shati jeupe na viatu vilivyong'aa. Mbele yake alipanga makopo madogo juu ya turubai. Kila kopo lilibandikwa karatasi ya manjano.

"Hii ni dawa ya Wahindi," alisema Shibuda. "Ni matunda matatu ya kwao. Yamekaushwa, yakasagwa. Wahindi wanaitumia tangu enzi za mababu. Inatibu magonjwa yote ya tumbo. Soma mwenyewe hapa."

Sostenes alisoma karatasi ya manjano. Iliandikwa: HUTIBU MAGONJWA YOTE YA TUMBO. WAKUBWA NA WATOTO.

"Mtoto wangu anahara tangu jana," alisema Sostenes.

"Basi hii ndiyo dawa yake. Mpe kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni. Mwanzoni atahara zaidi. Usiogope. Huo ni uchafu unatoka."

Sostenes alikuwa amebeba maharage ya kuuza. Alimpa Shibuda maharage yote, akapewa kopo moja. Alirudi nyumbani akiwa amefurahi, kwa sababu alikuwa amepata msaada kwa ajili ya mtoto wake.

Walikoroga unga ule katika maji. Ulikuwa mchungu na mkali. Verediana aliutema. Walimshika, wakamnywesha.

Jioni ile alihara zaidi.

"Uchafu unatoka," alisema Sostenes.

Jumatano asubuhi walimpa kijiko kingine. Sasa alihara maji matupu. Hakutaka kunyonya. Alilia bila sauti, na hapakuwa na machozi.

"Baba Veredi, mtoto anakwisha," alisema Domisiana.

"Ngoja dawa ifanye kazi. Yule mtu alisema itakuwa hivi."

Sostenes alikwenda shambani. Muda mfupi baadaye Kankindi alifika na jembe lake. Alibisha hodi, na Domisiana akatoka akiwa amembeba mtoto. Kankindi aliweka jembe chini. Aliangalia macho ya mtoto. Yalikuwa yameingia ndani. Aliangalia mdomo. Ulikuwa mkavu. Aliifinya ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, kisha akaiachia. Ngozi ilibaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa, ikarudi polepole.

"Amekojoa lini?" aliuliza Kankindi.

"Sijui. Labda jana."

"Amekula dawa gani?"

Domisiana alimletea kopo. Kankindi alilifungua, akanusa, akaonja kidogo kwa ncha ya ulimi. Kisha akakaa chini.

"Nani amewapa hii?"

"Mtu wa gulioni. Alisema inatibu tumbo."

"Naijua. Kule kwetu mjini kulikuwa na duka la Mhindi aliyeiuza. Si sumu. Mtu mzima aliyefunga choo anakula kidogo, tumbo linalainika, anapata choo. Hiyo ndiyo kazi yake. Inafungua tumbo. Sasa mtoto wako tumbo lake limefunguka tayari. Ndoo inavuja, na nyinyi mmeitoboa tundu la pili."

Domisiana alimtazama mtoto, akatazama kopo.

"Sikiliza," alisema Kankindi. "Kinachomuua mtoto anayehara ni kuishiwa maji mwilini. Tunarudisha maji sasa hivi, halafu tunakwenda kwa mganga wa hospitali ya kambini. Una sukari? Una chumvi?"

Sukari ilikuwepo kidogo, ya chai ya Jumapili. Waliingia ndani, na Kankindi akachemsha maji na kuyaacha yapoe. Alipima maji kwa chupa za bia za nusu lita. Chupa mbili zilijaa, akazimimina katika sufuria safi. Hiyo ilikuwa lita moja. Kisha alichukua kijiko cha chai.

"Sukari, vijiko sita," alisema. "Visiwe na kilima. Pitisha kisu juu, kiwe sawa. Chumvi, nusu kijiko. Usizidishe chumvi, itamdhuru. Koroga. Onja. Isiwe na chumvi kuliko machozi."

Domisiana alianza kumpa mtoto kijiko baada ya kijiko. Verediana alitapika.

"Ngoja kidogo," alisema Kankindi. "Dakika kumi. Kisha anza tena, polepole zaidi. Usikate tamaa. Na akitaka kunyonya, mpe ziwa."

Wakati huo Sostenes alirudi. Alimwona Kankindi ameshika kijiko mdomoni mwa mtoto wake.

"Huyu anafanya nini ndani ya nyumba yangu?"

"Anamsaidia Veredi," alisema Domisiana.

"Atoke. Maji wameyachafua wao, mtoto ameugua kwa sababu yao, halafu waje kumtibu?"

Kankindi alisimama. Alikuwa mfupi, na ilimbidi ainue uso ili amtazame Sostenes.

"Ni kweli maji yamechafuka," alisema. "Tuko wengi, na sisi pia tunayanywa. Mimi nilitoka kwetu na watoto wanne. Nimefika hapa na wawili. Wale wengine hawakupigwa risasi. Walihara. Niliwazika pembeni ya njia, na wakati ule sikujua maji haya ya sukari na chumvi. Nimejifunza kambini, wakati wao hawapo tena. Kwa hiyo nitukane, lakini usinitoe nje kabla mtoto huyu hajamaliza kikombe."

Domisiana alichukua kijiko, akaendelea kumpa mtoto.

"Tunampeleka kwa mganga wa kambini," alisema Domisiana. "Wanatibu hata wenyeji. Ni karibu kuliko zahanati yetu."

"Mimi niende kuomba dawa kwa wakimbizi, katika nchi yangu?"

Hapo Domisiana alikasirika. Katika miaka sita ya ndoa alikuwa hajawahi kumpandishia mume wake sauti, na hata siku hiyo hakupiga kelele. Alisema polepole.

"Baba Veredi, ulinunua dawa kwa mtu mwenye viatu vizuri kwa sababu si mkimbizi. Angalia ilivyomfanya mtoto. Wewe baki na nchi yako. Mimi ninakwenda."

Alijifunga kanga, akambeba mtoto kifuani, akachukua chupa ya maji yale. Alichukua na lile kopo, ili mganga alione. Wanawake hao wawili walipanda kilima kwa miguu katika tope. Kila walipofika mahali pa kupumzika, walisimama na kumpa mtoto vijiko kadhaa.

Mganga alimlaza Verediana katika hema kubwa. Alimwekea maji ya mshipa.

"Mngekuja kesho, mngekuja na maiti," alisema mganga. "Haya maji mliyompa njiani ndiyo yaliyomfikisha hapa."

Domisiana alikaa chini kando ya kitanda. Kopo lilikuwa ndani ya kikapu pamoja na chupa. Chupa ilikuwa imevuja njiani, na kopo lilikuwa limelowa. Alilitoa ili alifute. Karatasi ya manjano ilikuwa imeanza kubanduka pembeni. Chini yake aliona karatasi nyingine, nyeupe, yenye picha ya matunda.

Domisiana alisoma shuleni mpaka darasa la nne. Alisoma polepole, kwa kufuata maneno kwa kidole. Aliivuta karatasi ya manjano mpaka ikatoka yote. Karatasi nyeupe ilikuwa na maandishi ya Kiingereza, na chini yake maandishi madogo ya Kiswahili. Alisoma.

"Hu-la-i-ni-sha cho-o. Kwa wa-tu wa-zi-ma." Akatua hapo. Kisha akaendelea. "Isitumiwe na watoto wadogo. Isitumiwe na mtu anayehara."

Alisoma mara ya pili. Hakuwa amekosea.

"Dada Kankindi," alisema. "Alijua. Yule mtu alijua. Ameyafunika maneno."

Kankindi alichukua kopo, akalitazama muda mrefu. Hakuweza kusoma Kiswahili vizuri, lakini aliziona karatasi zote mbili, na alielewa.

Alhamisi alasiri Verediana aliamka, akamtafuta mama yake, akalia kwa nguvu. Machozi yalimtiririka mpaka shingoni. Domisiana alitaka kumbembeleza.

"Mwache alie kidogo," alisema Kankindi. "Ana machozi. Maji yamerudi."

Ijumaa waliruhusiwa kurudi nyumbani. Njiani waliona watu wengi wamekaa nje ya nyumba ya Bibi Tecla. Bibi Tecla alikuwa jirani yao. Alikuwa akimlea mjukuu wake, Kazimili, mwenye miaka miwili. Domisiana aliingia uani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba," alisema Bibi Tecla. Hakuinua uso. "Tumemzika asubuhi. Alihara siku tatu tu."

"Mlimpa dawa gani, bibi?"

Bibi Tecla alionyesha kwa kidole. Dirishani palikuwa na kopo lenye karatasi ya manjano.

Domisiana alilitambua kopo hilo. Hakutaka kusema neno lolote mbele ya msiba. Alimpa Bibi Tecla pole, akaondoka.

Sostenes alikuwa amekaa mlangoni kwao. Alikuwa hajala tangu Jumatano. Alimchukua Verediana, akamshika kifuani. Domisiana alimwekea kopo na karatasi ya manjano juu ya goti.

"Soma," alisema.

Sostenes alisoma. Kisha aliinama akafunika uso.

"Mimi ndiye niliyemnywesha," alisema. "Kwa mikono yangu."

"Sote wawili tulimnywesha. Mimi nilimshika miguu. Lakini kuna mtu aliyeyafunika maneno haya, na Jumanne atakuwa gulioni."

Jumanne Domisiana alikwenda gulioni na Sostenes. Kankindi alikuja pia, akasimama nyuma. Shibuda alikuwa mahali pake. Domisiana alipita kati ya wateja, akainama, akaokota kopo kutoka kwenye turubai. Aliichovya karatasi ya manjano katika maji ya dimbwi, akaisugua kwa kidole gumba. Ikabanduka.

"Mama, unaharibu mali ya watu," alisema Shibuda.

"Soma hapa," alisema Domisiana, akampa kopo.

"Nisome nini?"

"Soma maneno uliyoyafunika. Soma kwa sauti, watu wote wasikie."

Watu walianza kukusanyika. Shibuda alitazama huku na huku.

"Hayo ni maneno ya kiwandani," alisema. "Hayana maana. Dawa yenye maandishi ya kukataza watu haiuziki. Mimi nilitengeneza tu karatasi nzuri zaidi."

"Kazimili, mjukuu wa Bibi Tecla, alikunywa karatasi yako nzuri zaidi. Amezikwa Ijumaa. Mtoto wangu alikuwa amfuate. Soma."

Kelele zilianza. Mwanamume mmoja alishika fimbo. Mwingine alisema Shibuda apigwe hapo hapo. Sostenes alikuwa wa kwanza kumkamata Shibuda shati, na ngumi yake ilikuwa juu.

"Mwache," alisema Domisiana. "Nina hasira kukuzidi, Baba Veredi. Lakini mkimpiga, kesho watu watamhurumia yeye, na Kazimili atasahauliwa. Nataka asome."

Sostenes alishusha ngumi. Hakuachia shati.

Shibuda alisoma. Kwanza alisoma kwa sauti ndogo. Domisiana akamwambia arudie. Akasoma tena: "Isitumiwe na watoto wadogo. Isitumiwe na mtu anayehara."

"Kopo la pili," alisema Domisiana.

"Ni maneno yale yale, mama."

"Kopo la pili."

Alibandua na kusoma makopo yote, moja baada ya jingine. Wanawake waliokuwa wamenunua walisikia kila neno. Mmoja wao aliondoka mbio kwenda nyumbani, kwa sababu mtoto wake alikuwa amelazwa ndani na kopo lilikuwa kichwani pake. Makopo yalipokwisha, Shibuda alipelekwa ofisi ya kata pamoja na turubai lake. Kutoka huko alipelekwa polisi. Mahakamani Domisiana alitoa ushahidi, akaweka kopo na karatasi ya manjano mezani. Shibuda alifungwa.

Lakini kufungwa kwake hakukusafisha maji ya bondeni. Domisiana alilijua hilo. Mvua bado ilinyesha, na watoto wengine walianza kuhara.

"Kuni hakuna," alimwambia Kankindi. "Utasema nichemshe maji. Nitachemshia nini?"

"Hata kambini kuni hakuna," alisema Kankindi. "Tumefundishwa jiko la udongo. Linabana moto. Kuni tatu zinafanya kazi ya kuni saba. Na sufuria iwe na kifuniko."

Sostenes alichimba udongo wa kichuguu. Alichanganya na nyasi zilizokatwa kama Kankindi alivyomwambia. Jiko la kwanza lilipasuka. La pili lilikaa. Sasa Domisiana aliweza kupika ugali, na juu ya moto uliobaki akachemsha maji ya kunywa. Maji yalitokota vizuri kabisa, kisha yakawekwa katika mtungi wenye kifuniko. Sostenes alichimba choo kirefu, mbali na bonde, akakitengenezea mfuniko wa mbao. Kando ya choo waliweka maji na sabuni. Siku sabuni ilipokosekana, walinawa kwa majivu.

Mwenyekiti wa kijiji aliona kazi hiyo. Aliitisha mkutano, akamwomba Kankindi afundishe. Watu wengine walinung'unika.

"Tutafundishwa na mkimbizi?" aliuliza mzee mmoja.

Sostenes alisimama. Hakuwa mtu wa kuzungumza mkutanoni.

"Mimi nilisema maneno hayo hayo," alisema. "Nilisema mtoto wangu akiwa amelala mbele yangu, hana machozi. Mnajua nani aliniuzia dawa na mnajua nani alimwokoa mtoto. Asiyetaka kumsikiliza aondoke. Mimi ninakaa."

Alikwenda kuchukua kiti, akakiweka mbele, Kankindi akakaa.

Kankindi aliwafundisha kupima sukari na chumvi. Aliwaambia mtoto anayehara apewe kinywaji hicho kila anapohara, aendelee kunyonya na kula. Aliwaambia wakiona damu katika choo, au macho yameingia ndani, au mtoto hawezi kunywa, wamkimbize kwa mganga siku hiyo hiyo. Aliwaambia hakuna dawa moja inayotibu magonjwa yote ya tumbo, iwe ya Wahindi, ya Wazungu au ya kwetu.

"Dawa za mitishamba si mbaya zote," alisema. "Lakini mmuulize mganga wa hospitali kabla ya kumpa mtoto. Na someni maneno yote ya kwenye kopo. Mkiona karatasi juu ya karatasi, bandueni ya juu." 

Mvua za mwaka uliofuata, watoto watano wa kijiji walihara. Mmoja alikuwa na damu. Sostenes alimbeba mtoto huyo na mama yake kwa baiskeli mpaka kwa mganga. Wote watano walipona.

Siku moja Bibi Tecla alifika kwa Domisiana. Tangu msiba alikuwa hatoki nyumbani, na hakuja mkutanoni. Kankindi alikuwepo, anapalilia. Bibi Tecla alikaa jikoni, akaomba sukari, chumvi, kisu na kijiko.

"Nionyesheni," alisema.

Domisiana alisita. Katika nyumba ya Bibi Tecla hapakuwa tena na mtoto mdogo.

"Bibi, huna haja ya kujisumbua," alisema.

"Nina haja," alisema Bibi Tecla. Sauti yake ilikuwa kali. "Siku tatu nilikaa na mtoto yule, na sukari ilikuwa ndani. Chumvi ilikuwa ndani. Hakuna aliyeniambia. Sasa niambieni."

Kankindi aliacha jembe, akanawa mikono, akaja kukaa karibu naye. Bibi Tecla alichota sukari. Alipitisha kisu juu ya kijiko mpaka kikawa sawa, akamimina, akahesabu kwa sauti. Alipofika sita alitua, akamtazama Kankindi. Kankindi aliitikia kwa kichwa, akamsogezea chumvi.